Diwani mpya, kata ya vijijini: mwaka wa kwanza upangweje?

Nyika_Kati

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri kwa mnaoijua halmashauri kwa undani, hasa watendaji wa kata, maafisa mipango na waliowahi kuwa madiwani.

Kata ni ya vijijini kabisa, mkoa wa Singida, vijiji vinne na vitongoji 19. Diwani ameingia kwa uchaguzi wa Oktoba 2025 na hajawahi kukaa kwenye baraza. Mezani kuna haya:

1. Boma (jengo ambalo halijakamilika) la zahanati. Kuta za tofali za kuchoma zimefika usawa wa lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), lenta haijamwagwa, na limeshanyeshewa misimu miwili.
2. Barabara ya km 11 kutoka makao makuu ya kata hadi kijiji cha mwisho. Korongo moja huikata kila Januari hadi Machi.
3. Mradi wa maji wa kisima na pampu ya sola, vituo sita vya kuchotea. Viwili havitoi maji na hakuna anayejua fedha za ndoo zinaishia wapi.
4. Wananchi wamechoka kuchangishwa.

Aanze na lipi, aende kwa nani, na baada ya miezi kumi na miwili asimame mbele ya watu na ushahidi gani? Siasa za vyama tuziache pembeni, nahitaji utaratibu wa kazi.

---

Kabrasha

Mkuu, kwanza mheshimiwa akubali jambo moja: diwani hana fungu. Mbunge ana Mfuko wa Jimbo, diwani hana hata shilingi moja ya kuamuru itoke. Alichonacho ni viti viwili. Kimoja ni cha mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata (WDC), ambako katibu wake ni mtendaji wa kata na wajumbe ni wenyeviti wa vijiji, pamoja na diwani wa viti maalumu anayeishi katani kama yupo. Cha pili ni kiti chake kwenye Baraza la Madiwani na kwenye kamati ya kudumu atakayopangiwa. Kazi ya mwaka mzima ni kulibeba jambo kutoka kiti cha kwanza hadi cha pili, likiwa kwenye karatasi, kabla dirisha la bajeti halijafungwa. Diwani akilikosa hilo dirisha, miezi inayobaki atakuwa anaomba fadhila tu.

Mwaka wa fedha ni 1 Julai hadi 30 Juni, lakini mwaka wa kazi wa diwani unaanza mapema zaidi. Vijiji vinaibua vipaumbele kwenye mikutano yao kuanzia Septemba na Oktoba kwa utaratibu wa fursa na vikwazo (O&OD). WDC inavichambua na kuvipanga Novemba. Desemba wakuu wa idara wanaviingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti. Januari na Februari rasimu inapita Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha baraza maalumu la bajeti. Baada ya hapo inakwenda mkoani na wizarani, bungeni ni Aprili hadi Juni.

Sasa angalia: baraza jipya linaanza kazi bajeti ya 2026/27 ikiwa tayari jikoni. Muda wa kuanza upya vijijini haupo. Afanye hivi:

Wiki ya kwanza, akae na mtendaji wa kata na kuomba mihutasari ya WDC ya miaka mitatu iliyopita, pamoja na mihutasari ya mikutano mikuu ya vijiji vyote vinne. Boma na barabara bila shaka vimeshajadiliwa humo. Aangalie kama muhtasari una tarehe, orodha ya mahudhurio yenye sahihi, namba ya ajenda na azimio lililoandikwa wazi. "Wajumbe walijadili suala la zahanati" si azimio. "WDC imeazimia ukamilishaji wa boma la zahanati uwe kipaumbele namba moja cha kata kwa mwaka 2026/27" ndilo azimio.

Wiki ya pili aitishe WDC ya dharura kuthibitisha vipaumbele visivyozidi vitatu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kata inapeleka orodha ya mambo 15 ili kila kijiji kiridhike, afisa mipango anachukua la juu au lile rahisi kwake, na mengine 14 yanarudi mwakani. Vijiji vinne vikubaliane kwa uwazi: mwaka huu zahanati ya kijiji cha pili na korongo, mwakani zamu ya wengine. Makubaliano hayo yaandikwe ili yasije yakageuka ugomvi.

Wiki ya tatu muhtasari upelekwe kwa Mkurugenzi kwa barua ya mtendaji wa kata, nakala kwa afisa mipango na mganga mkuu wa wilaya, na nakala ya diwani igongwe muhuri wa masijala. Muhuri wa mapokezi ndio utakaomwokoa Februari atakapoambiwa "hatukupata kitu kutoka kata yako".

Rasimu ya bajeti ikitoka, asiishie kuona jina la mradi akashangilia. Aende moja kwa moja kwenye safu ya chanzo cha fedha. Mradi uliowekwa kwenye ruzuku ya Serikali Kuu una njia yake. Uliowekwa kwenye mapato ya ndani unategemea makusanyo, kwa hiyo aulize makusanyo ya nusu mwaka yamefikia asilimia ngapi ya lengo na miradi mingapi ya mwaka uliopita ya chanzo hicho ilipata fedha kweli. Ukiandikwa "wahisani" bila jina la mhisani wala mkataba, mradi huo haupo. Hoja ya kuuhamishia chanzo kingine itolewe kwenye kamati, kabla ya baraza. Barazani mambo yanakuwa yameshapikwa, na mjumbe mmoja hawezi kuvunja hesabu za halmashauri nzima kwa dakika tano.

Halafu kuna robo nne. Baraza hukaa kila miezi mitatu na halmashauri nyingi hutenga siku ya kwanza kwa taarifa za kata. Ukurasa mmoja unatosha: mradi, kiasi kilichotengwa, kilichopokelewa na tarehe yake, kilichotumika, hatua iliyofikiwa, kinachokwamisha na nani anatakiwa kukikwamua. Akisoma robo tatu mfululizo kwamba fedha iliyotengwa haijafika, kumbukumbu za kikao zinabaki nayo na mkaguzi anaiona.

Jambo dogo linalosahauliwa na wapya: tamko la rasilimali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Diwani ni kiongozi wa umma kwa Sheria Na. 13 ya 1995. Anajaza ndani ya siku 30 tangu ashike nafasi, kisha kila mwaka kabla ya 31 Desemba.

---

Fundi_Lenta

Nijibu la boma tu, maana hapo ndipo fedha za wananchi zinaoza.

Kabla ya mfuko hata mmoja wa saruji kununuliwa, mhandisi wa halmashauri aende site na aandike taarifa. Atakagua mambo matatu. Je, jengo linafuata ramani ya zahanati ya serikali? Maboma mengi yanakataliwa kwa sababu vyumba ni vidogo au chumba cha kujifungulia hakimo. Je, viungo vya tofali ni saruji au udongo? Chukua msumari, kwaruza kiungo: ukichimba kirahisi kama unga, kozi (mistari ya tofali) mbili au tatu za juu zivunjwe na zijengwe upya, kwa sababu ndizo zilizonyonya maji misimu miwili. Na je, ardhi ni ya kijiji kwa maandishi? Kama ilitolewa na familia, pawepo muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji na barua ya mtoaji yenye sahihi za mashahidi. Mzee akifariki warithi wakadai eneo, zahanati inasimama.

Hesabu ya lenta, ili mheshimiwa asibabaishwe na mtu yeyote. Tuchukue urefu wa kuta zote, za nje na za ndani, ni mita 100, upana sm 23 na kina sm 20:

Zege: 100 × 0.23 × 0.20 = mita za ujazo 4.6.
Saruji kwa uwiano wa 1:2:4: mifuko 29, ukiweka upotevu nunua 32.
Mchanga: kama mita za ujazo 2. Kokoto: 4 na ushee.
Nondo mm 12, nne kwa urefu wote: mita 400. Kwa nondo za mita 12 ni 34, ukijumlisha maungio ya sm 60 na kona, nunua 36.
Ringi (vyuma vya kuzifunga nondo pamoja) kila sm 20: vipande 500.

Fundi akileta orodha yenye mifuko 60 kwa kazi hiyo, aombwe aonyeshe inakokwenda. Akileta mifuko 18, hapo pia kuna shida: zege litakuwa mchanga mtupu.

Kipimo cha kuchanganyia, kwa kila mfuko wa kilo 50: madebe matatu na nusu ya mchanga, madebe saba ya kokoto, maji lita 25 hadi 28. Kosa kubwa la vijijini ni maji. Zege likiwa uji linamwagika kwa urahisi na mafundi wanalipenda, lakini likikauka linabaki na matundu na nguvu inapotea. Limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba, bila kuruka. Mbao za chini kwenye milango na madirisha zisitolewe kabla ya siku 14.

Kama fedha ya paa haipo, msimwage lenta mkaiacha wazi huku nondo za juu zimechomoza. Ama mwage lenta na kupaua mfululizo, ama subirini huku juu ya kuta mkiziba kwa saruji nyembamba ili maji yasishuke ndani. Serikali imekuwa ikipeleka shilingi milioni 50 kukamilisha boma la zahanati, na milioni 12.5 kwa boma la darasa. Fedha hiyo huenda kwa boma lililo tayari na lenye karatasi zake. Ndiyo maana lenta iliyomwagwa vizuri, taarifa ya mhandisi na muhtasari wa ardhi vina uzito kuliko barua kumi za kuomba.

Kwenye vifaa, ziundwe kamati tatu za wananchi zenye watu tofauti: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Diwani asiwe mjumbe wa kamati hata moja. Na asiuze mchanga, tofali wala usafiri kwa mradi huo, hata kama lori lake ndilo pekee katani. Saruji ikishuka, kamati ya mapokezi ihesabu mfuko mmoja mmoja, iandike leja ya stoo: tarehe, namba ya hati ya mzigo, iliyoingia, iliyotoka, aliyechukua, kazi iliyokwenda kufanya, salio. Diwani akipita, kazi yake ni kufungua leja, kusoma salio, kuingia stoo na kuhesabu mifuko. Dakika kumi zinatosha. Hesabu zikitofautiana, aandike palepale na aitishe kamati siku hiyohiyo.

Kosa la mwisho: jengo linakamilika, halafu hakuna shimo la kondo, kichomea taka, choo wala nyumba ya mganga, kwa hiyo haifunguliwi. Viingizwe kwenye makadirio tangu mwanzo. Na ombi la watumishi na la usajili lianze paa likipigwa, lisingoje rangi.

---

Changarawe

Barabara: tangu Julai 2017 barabara za wilaya ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), kwa hiyo mheshimiwa asipoteze robo nzima akimlaumu Mkurugenzi. Meneja wa TARURA wa wilaya hufika barazani kutoa taarifa na kupokea vipaumbele.

Swali la kwanza kumuuliza ni kama barabara hiyo imo kwenye mtandao unaotambuliwa, ina jina gani na imesajiliwa kwa urefu gani. Hutokea kata inalilia km 11 kumbe zilizosajiliwa ni 6, na hizo tano za mwisho ni njia iliyochongwa na wananchi ambayo haiwezi kutengewa fedha mpaka iingizwe. Kuingizwa kunaanza na muhtasari wa WDC na wa baraza.

Jambo la pili, msiombe km 11. Fanyeni hesabu: km 1 ya changarawe yenye upana wa mita 4.5 na unene wa sm 15 inahitaji mita za ujazo 675 zilizoshindiliwa. Kabla ya kushindiliwa ni kama 810, yaani safari 81 za lori la mita za ujazo 10. Kwa km 11 ni karibu safari 900. Ombi la namna hiyo linawekwa kando. Ombeni matengenezo ya sehemu korofi: korongo lenyewe na mita 150 kila upande. Hapo ni safari 25 za changarawe na kivuko. Hilo linaingia kwenye bajeti ya mwaka.

Ombi liambatane na alama za eneo kutoka kwenye simu, picha za korongo likiwa limejaa Januari au Februari (mkipiga Agosti mtaonyesha mchanga mkavu tu), alama ya rangi kwenye mti au jiwe inayoonyesha maji yalipofika, na idadi ya siku ambazo magari hayakupita. Mhandisi anahitaji urefu wa maji ili achague kati ya kalavati, drifti (kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake) na daraja. TARURA wamejenga madaraja ya mawe sehemu nyingi kwa gharama nafuu kuliko zege tupu, kwa hiyo kama mawe mazuri yanapatikana karibu, litajwe kwenye ombi.

Kazi ikianza, wananchi waangalie vitu hivi. Bomba la mm 600 kwenye korongo lenye magogo huziba msimu wa kwanza, bora mm 900. Kuta za mbele na nyuma za kalavati zijengwe, zisipojengwa maji hula udongo pembeni ya bomba na barabara inakatika hapohapo. Udongo juu ya bomba usipungue sm 60. Na kwenye mteremko mifereji ya kutoa maji shambani iwe ya karibu karibu, kila mita 20 hadi 40. Wenye mashamba huifukia ili maji yasiingie kwao, kisha maji yanashuka na barabara nzima. Mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba kwa nyumba kuwaeleza kabla ya greda kufika, na njia ya maji ipangwe nao.

---

Nyika_Kati

Asanteni sana wakuu, nimechapa kila kitu. Mawili bado: maji na michango. Na pia vikundi vya akina mama vinamfuata mheshimiwa kila siku kuhusu mikopo ya asilimia kumi. Amsaidie nani na kwa njia gani?

---

Ndoo_Ishirini

Maji ya vijijini yako kwa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), iliyoundwa kwa Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, na uendeshaji wa kila siku uko kwa chombo cha watumia maji ngazi ya jamii (CBWSO). Hiki si kitengo cha serikali ya kijiji. Mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka ya kuchukua fedha za maji hata kama ni kwa kujenga darasa, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Diwani aombe kupitia RUWASA wilaya kwamba CBWSO isome mapato na matumizi kwenye mkutano wa watumiaji maji. Kabla ya mkutano afanye hesabu yake. Viwango vya nchi ni lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Kituo kinachotumika kikamilifu kinatoa lita 6,250, yaani ndoo 312 za lita 20. Tuseme watu wanachota nusu tu, ndoo 156, na bei mliyokubaliana ni shilingi 40: hiyo ni 6,240 kwa siku, karibu 187,000 kwa mwezi kwa kituo kimoja. Kwa vituo vinne vinavyotoa maji ni kama 750,000. Daftari likionyesha 200,000, kuna maswali. Weka bei yenu halisi kwenye hesabu hiyohiyo, na uhesabu ndoo kwa siku mbili, ya kazi na ya mnada.

Vituo viwili vilivyokufa: kabla ya kulaumu pampu angalia kama viko mwisho wa bomba au juu ya mwinuko. Pampu ya sola inasukuma kidogo asubuhi na wakati wa mawingu, tenki lisipojaa vituo vya juu havipati kitu. Jaribio ni rahisi: fungeni vituo vinne vya chini kwa nusu siku tenki likiwa limejaa. Vya juu vikitoa maji, tatizo ni mgawo, na dawa yake ni ratiba au valvu. Visipotoa, kuna bomba lililopasuka au koki iliyoharibika. Tembeeni juu ya njia ya bomba kiangazi, mahali penye majani mabichi peke yake ndipo panapovuja. Paneli pia zifutwe vumbi kila wiki, Singida vumbi ni jingi.

---

Mtendaji_Mstaafu

Kwenye michango, uchovu wa watu mara nyingi hautokani na kutoa. Unatokana na kutosomewa. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo na kubandikwa ubaoni. Diwani ahudhurie mikutano yote minne ya kila kijiji kwa mwaka, jumla 16, na ratiba itoke mapema. Kijiji ambacho hakijasoma mapato na matumizi robo iliyopita kisiruhusiwe kuanzisha mchango mpya. WDC inaweza kuweka azimio hilo na likashika.

Mchango upitishwe na mkutano mkuu, kiasi na mwisho wake vikiwa kwenye muhtasari. Kila mtu apewe stakabadhi. Fedha iingie benki kwenye akaunti ya kijiji na isikae nyumbani kwa mtu hata siku moja. Kama mnataka mchango uwe wa lazima, itungwe sheria ndogo: halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, kisha idhini ya baraza la wilaya. Kukamata kuku au baiskeli ya mtu bila sheria ndogo ni kosa, na mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa deni la mzazi. Nguvukazi nayo ihesabiwe kwa fedha na iandikwe: siku moja ya kusomba mawe ina thamani, na mhandisi akiiona kwenye makadirio anaihesabu kama mchango wa jamii.

Mikopo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mheshimiwa asipokee majina wala asitengeneze vikundi vyake. Awapeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata wakiwa na katiba, usajili, akaunti ya benki ya kikundi na andiko la mradi unaoeleweka. Vinavyoanguka ni vikundi vilivyoundwa wiki mbili kabla ya mkopo, vikagawana fedha siku iliyotoka. Dalili yake: wanachama hawajui kiasi kilichoko kwenye akaunti yao. Kikundi kilichoweka na kukopeshana chenyewe kwa miezi sita hurejesha. Kazi ya diwani iko barazani: aulize kila robo kiasi kilichotengwa, kilichokopeshwa, kilichorejeshwa, na vikundi vingapi vya kata yake vimo.

Nimrekebishe Kabrasha kidogo. Nakala yenye muhuri ni nzuri, lakini haitoshi ikiwa mtendaji wa kata na diwani hawaelewani. Mtendaji anawajibika kwa Mkurugenzi, si kwa diwani, na diwani anayemfokea mbele ya mkutano wa hadhara atajikuta hana muhtasari, hana barua wala ratiba mwaka mzima. Wakae wawili kila Jumatatu nusu saa, wapitie maazimio yaliyobaki moja baada ya jingine. Akikosea, aambiwe ofisini. Akiendelea, diwani aandike kwa Mkurugenzi.

Na migogoro ya mipaka ya mashamba, ambayo itamjia mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, asiihukumu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 hata baraza la kata halina tena mamlaka ya kuamua kesi za ardhi. Linasuluhisha ndani ya siku 30, likishindwa linatoa hati ya kushindwa usuluhishi, mwenye shauri anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Diwani akitamka shamba ni la nani, amepoteza nusu ya kitongoji na tamko lake halina nguvu.

---

Kabrasha

Marekebisho ya mzee nayapokea, ni ya kweli kabisa.

Kuhusu ushahidi wa mwisho wa mwaka: taarifa ya diwani iwe karatasi moja yenye safu tano, ibandikwe kwenye ofisi zote nne za vijiji wiki moja kabla ya mkutano. Azimio na tarehe yake. Kiasi kilichoombwa. Kilichotengwa. Kilichopokelewa. Hali halisi kwa macho. Mfano wa mstari wa boma: lenta imemwagwa mita 100, mifuko 32 imepokelewa, 31 imetumika, 1 imo stoo, kibali cha mhandisi kimo kwenye faili. Mstari wa barabara unaweza kusomeka: imeombwa, haikutengwa, imewasilishwa tena. Aandike hivyohivyo. Watu wanaposoma kilichoshindikana kikiwa na sababu na tarehe, wanaanza kuuliza maswali yanayosaidia.

Taarifa hiyo isomwe Julai au Agosti, hesabu za mwaka zikiwa zimefungwa na kabla ya vijiji kuanza kuibua vipaumbele Septemba.

---

Nyika_Kati

Shukrani wakuu. WDC ya dharura imepangwa Jumatano, na mtendaji ameshaandika barua za mwaliko kwa wenyeviti wote wanne. Swali dogo la mwisho: boma liwe ajenda ya ngapi?

---

Mtendaji_Mstaafu

Ya tatu, mara tu baada ya yatokanayo na kikao kilichopita. Ikiwekwa kwenye mengineyo, saa nane wajumbe wawili watakuwa wameshaondoka kuwahi usafiri na azimio litakosa akidi. Na mwambie mtendaji aje na kitabu cha mahudhurio, watu wasaini wakiingia, wasingoje kutoka.